Jiwe hili ni nini, na linatoka wapi?

Tuseme uko Numbi, katika teritware ya Kalehe, Kivu Kusini. Umetoka shimoni na jiwe la kijani, urefu wake kama kidole kidogo cha mutoto. Mununuzi analishika, analiinua kwa jua, anatoa lupe mufukoni, anaangalia sekunde kumi, anataja bei. Wewe uliona kijani tu. Yeye ameona kitu, ama anajifanya ameona. Na bei ile njo itakuwa bei, juu kati yenu wawili ni yeye peke yake anayeweza kusema jiwe lile ni nini.

Wapenzi wasomaji, nyuma ya bei ile kuko maswali mawili. La kwanza: jiwe hili ni nini? La pili: linatoka wapi? Watu wanayachanganya, lakini ni maswali mbalimbali kabisa. La kwanza unaweza kulijibu kwa sehemu kubwa pale pale kwenye kariere, na mizani ya dhahabu na kikombe cha maji. La pili linaomba mashine za bei kali, na hata hizo mashine kuko siku zinashindwa. Tuanze na lile rahisi.

Rangi inadanganya

Kosa la kwanza ni kuamini rangi. Jiwe la kijani linaweza kuwa turmalini, zumaridi, granati, kwarzi iliyotiwa rangi, ama kipande cha chupa ya pombe kilichosuguliwa na mto miaka na miaka. Usicheke. Hata wafalme walidanganyika. Kwenye taji la wafalme wa Uingereza kuko jiwe kubwa jekundu ambalo watu waliliita rubi kwa karne nyingi, na jina hilo linalo mpaka leo. Si rubi. Ni spineli, jiwe la aina ingine. Ilingojea mwaka 1783, Mufaransa mumoja, Romé de l'Isle, alipoangalia vizuri umbo ambalo kila jiwe linakuwa nalo likikua lenyewe ndani ya mwamba, ndipo spineli na rubi vikatenganishwa. Yote mawili ni mekundu, mara nyingi yanachimbwa mahali pamoja, na macho matupu hayawezi kuyaachanisha.

Kitu kisichodanganya kirahisi ni uzito. Sisemi uzito mutupu, nasema uzito ukilinganishwa na nafasi ambayo jiwe linachukua. Kila aina ya jiwe ina namba yake hapo, kubwa liwe ama dogo. Na namba ile unaweza kuipata bila kumulipa mutu yeyote.

Chukua mizani ya elektroniki, ile ya dhahabu, inayoonyesha mpaka sehemu ya mia ya gramu. Osha jiwe, likaushe, lipime, andika namba. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani na ubonyeze mizani irudi kwa sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lishushe ndani ya maji mpaka lizame lote, lakini lisiguse chini wala pembeni. Shikilia uzi bila kutikisika, ama ufunge kwenye kijiti kilichosimamishwa kando. Mizani itatoa namba ya pili: ni uzito wa maji ambayo jiwe limesukuma. Sasa gawanya namba ya kwanza kwa namba ya pili.

Mufano: jiwe kavu ni gramu 9,18. Ndani ya maji mizani inaonyesha 3,00. Gawanya, unapata 3,06. Hapo uko na turmalini, ama kitu chenye uzito kama wake. Kama lingekuwa kwarzi ungepata 2,65. Berili, familia ya zumaridi, inakaa karibu na 2,7. Spineli ni 3,6. Safiri na rubi, ambazo ni jiwe moja lenye rangi mbili, zinafika 4,0. Almasi ni 3,52, na topazi iko karibu sawa nayo. Njo maana mutu mwenye topazi nyeupe anaweza kupima, akapata 3,5, akaanza kucheza kabla ya wakati.

Kuko mambo ya kuangalia. Kama jiwe ni dogo, chini ya gramu moja hivi, kosa kidogo la mizani linaharibu hesabu yote. Vipovu vya hewa vinavyoshikamana na jiwe vinaharibu pia. Tone moja la sabuni ndani ya maji linasaidia. Jiwe lenye mwamba bado umeshikana nalo halipimiki namna hii. Na kioo: kile cha chupa ya kawaida kinatoa karibu 2,5, lakini viwanda vinaweza kutengeneza kioo kizito, na kioo cha namna hiyo kinaweza kuangukia kwa namba ya jiwe la kweli.

Njo hapo macho yanarudi kazini. Turmalini inapokua ndani ya mwamba inakuwa ndefu kama kipande cha mwanzi, na mistari midogo inayofuata urefu wake. Ukiikata ukaangalia kwa kichwa, inaonyesha pembe tatu zilizovimba pembeni. Kioo hakikui namna hiyo. Halafu geuza jiwe mbele ya mwanga: turmalini ya kijani, ukiiangalia kwa ubavu ina rangi moja, ukiiangalia kwa urefu wake rangi inabadilika, mara nyingi inakuwa nyeusi zaidi. Kioo ukikigeuza mara mia, rangi ni ile ile. Na kwa lupe ya mara kumi, kioo mara nyingi kinaonyesha vipovu vya mviringo, kama vile vya soda.

Neno moja juu ya nyundo. Plinius, mwandishi wa Roma ya zamani, aliandika kwamba almasi ikipigwa na nyundo, nyundo njo inavunjika. Imani hiyo ingali inatembea mpaka leo. Ni uongo wenye hasara. Almasi inakwaruza kila jiwe lingine, ni kweli, lakini kukwaruza ni kitu kimoja na kuvunjika ni kingine. Ndani yake kuko njia ambazo inapasuka kirahisi, na wakataji wa almasi wanazitumia njia hizo kuipasua. Anayejaribu jiwe lake kwa nyundo, likiwa almasi ya kweli, anabaki na vipande.

Kwa nini mahali pana bei

Sasa swali la pili. Kwa nini mununuzi wa Ulaya ama Asia ajali jiwe linatoka wapi, kama ni lile lile? Jibu fupi: juu analipa zaidi kwa jina la mahali. Jibu refu ni hadithi ya turmalini yenyewe.

Mwisho wa miaka ya 1980, katika Paraíba, jimbo la Brazili, bwana Heitor Dimas Barbosa aliyekuwa amechimba mulima mumoja kwa miaka alipata turmalini za rangi ambayo hakuna mutu alikuwa ameiona: buluu ya kuwaka, kama taa iko ndani. Mwaka 1990 zilipofika kwenye soko kubwa la mawe la Tucson, Marekani, bei ilipanda vibaya sana. Wataalamu walipopima waliona siri yake: shaba. Ndio, shaba, ile ile ya Katanga, kiasi kidogo tu kimeingia ndani ya turmalini na kuipa rangi.

Mulima ule ulikuwa mudogo na mawe yalikuwa machache. Lakini mwaka 2001 turmalini zenye shaba zilionekana Nijeria. Miaka michache baadaye, Msumbiji, nyingi na kubwa. Rangi ni moja. Lupe haikusema kitu. Soko likaanza kugombana: hizi za Afrika ziitwe Paraíba ama hapana? Mwaka 2006 laboratware kubwa zilikubaliana kwamba jina litumike kwa turmalini yoyote yenye shaba na rangi hiyo, hata ikitoka wapi. Lakini bei haikufuata makubaliano. Ya Brazili inaendelea kulipwa zaidi, na kwa hiyo kila mwenye kununua anataka karatasi inayosema mahali.

Na hapa, mutu anayependa kuangalia ramani atajiuliza: Brazili na Nijeria, ni ajabu gani hiyo? Si ajabu sana. Zamani za kale Amerika ya Kusini na Afrika zilikuwa bara moja lililoshikana, na miamba ya upande wa Paraíba na ile ya Nijeria ilikuwa jirani kabla bahari haijaingia katikati.

Ginsi jiwe linavyosomwa

Turmalini ni kama kikapu cha mama anayetoka soko: kila kitu kilichokuwa sokoni siku hiyo kinapata nafasi ndani. Boroni, aluminiamu na sodiamu ziko karibu siku zote. Kisha chuma, manganezi, lithiamu, na vitu vingine kwa kiasi kidogo kidogo sana. Kile kidogo kidogo njo kinachosema mahali, juu kinategemea mwamba na maji ya moto yaliyopita pale jiwe lilipokuwa linakua.

Kukisoma, wanatumia mwanga wa leza. Leza inachoma kidoti juu ya jiwe, chembamba kuliko unywele, mahali ambapo jicho halitaona. Moshi wa kile kidoti unaingia ndani ya mashine inayohesabu atomu kwa uzito wao. Inatoka orodha: shaba kiasi hiki, risasi kiasi hiki, na vingine vingi. Kwa turmalini zenye shaba, orodha hiyo njo iliyowezesha kutenganisha Brazili, Nijeria na Msumbiji mara nyingi.

Kabla ya leza kulikuwa darubini, na darubini haijastaafu. Muswisi Eduard Gübelin alitumia maisha yake kuangalia vitu vilivyofungiwa ndani ya mawe: vijiwe vingine vidogo, tone la maji, kipovu cha gesi. Wauzaji wanaviita uchafu. Yeye aliona ni anwani. Zumaridi ya Kolombia, kwa mufano, inajulikana kwa vijumba vidogo ambavyo ndani yake kuko vitu vitatu pamoja: maji ya chumvi, kipovu cha gesi, na kipande cha chumvi chenye pembe nne. Lakini siku hizi kuko zumaridi za inchi zingine zenye vijumba vya vitu vitatu pia, kwa hiyo darubini peke yake haitoshi tena.

Kazi moja iliyonifurahisha ni ile ya Mufaransa Gaston Giuliani na wenzake, iliyotolewa mwaka 2000. Walichukua oksijeni iliyo ndani ya zumaridi. Kuko oksijeni nyepesi na kuko nzito, na uwiano wa hizo mbili unabadilika kutoka shimo moja mpaka lingine. Wakapima zumaridi iliyokuwa kwenye hereni ya wakati wa Waroma, iliyopatikana Ufaransa. Ilionekana inatoka bonde la Swat, inchi inayoitwa leo Pakistani. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mashimo ya Swat yalikuwa yanauza mpaka Ulaya zamani zile. Kumbe jiwe lilikuwa limetembea kilomita elfu nyingi, likakaa kimya miaka karibu elfu mbili, halafu likasema kwao.

Jiwe bila ndugu halitambuliki

Lakini lilisema kwa nani? Hapa njo penye maneno, na ni kitu ambacho mara nyingi hakielezwi vizuri. Mashine haisomi neno "Pakistani" ndani ya jiwe. Inasoma namba. Namba zile hazina maana mpaka uziweke kando ya namba za mawe mengine ambayo tayari unajua yanatoka wapi. Bila mawe ya kulinganisha, leza ya bei kali ni kama kuwa na alama ya kidole cha mwizi bila kuwa na kitabu chochote cha alama za watu.

Njo maana laboratware kubwa, kama GIA ya Marekani ama zile za Uswisi, zinatuma watu kwenye mashimo kukusanya mawe. GIA inayapanga kwa herufi. A ni lile ambalo mutu wao alilichimba mwenyewe. Kisha herufi zinashuka: lile alilochimbiwa mbele ya macho yake, lile alilopewa na muchimbaji pale shimoni, lile alilonunua kwenye muji wa karibu, mpaka lile la soko la mbali ambalo linabebwa na maneno ya muuzaji tu. Wanajua kwamba maneno ya muuzaji si ushahidi. Jiwe linabadilisha inchi ndani ya mufuko kirahisi kuliko mutu mwenye pasiporo.

Sasa fikiria jiwe la Kivu. Ni mangapi yaliyofika ndani ya makabati hayo yakiwa na herufi ya juu? Kwa kazi hiyo mutaalamu anapaswa kufika shimoni, kukaa siku kadhaa, kurudi salama. Mahali ambapo barabara imekufa na bunduki zinasikika, hafiki. Kisha jiwe la pale likifika Bangkok ama Geneva bila ndugu wa kulinganisha, kuko njia mbili tu: labo iandike kwamba mahali hapajulikani, ama namba zake ziangukie karibu na za inchi ingine na jiwe lipate uraia wa kule. Na labo zenyewe zinaandika wazi kwenye karatasi zao kwamba mahali ni maoni ya wataalamu. Mununuzi wa mwisho anasoma jina la inchi kwa herufi kubwa, neno "maoni" analiruka.

Kwa koltani jambo hili tayari limefanyiwa kazi hapa kwetu. Ofisi ya Udongo ya Ujerumani, BGR, iliyoko Hannover, ilitengeneza njia wanayoiita alama ya kidole: wanachukua chembe za koltani, kasiteriti ama wolframu, wanazipima moja moja kwa darubini ya elektroni na leza, wanalinganisha na mifano iliyochukuliwa kwenye mashimo. Haikuwekwa ili ichukue nafasi ya vile vietiketi vya plastiki vinavyofungwa kwa mifuko. Iliwekwa ili kuuliza: mufuko huu wenye etiketi ya shimo lile, kweli umetoka kule?

Ugumu wake ni wa udongo, si wa siasa, hata kama siasa inaingia haraka. Koltani ya Kivu, ya Rwanda, ya Burundi na ya kaskazini ya Katanga inatoka katika mushipi mumoja wa miamba, ule ulioitwa Kibara kwa jina la milima ya Katanga. Ilizaliwa wakati karibu mumoja, miaka karibu bilioni moja iliyopita. Mupaka ulichorwa juzi tu, na mwamba haukuulizwa. Kwa hiyo kutenganisha koltani yetu na ya Brazili ni jambo moja. Kutenganisha mashimo mawili ya mushipi ule ule, mumoja huku na mumoja ngambo, ni kazi ya mifano mingi sana, shimo kwa shimo. Shimo ambalo halikutoa mufano halimo kitabuni.

Almasi inakataa kusema

Ndugu wa Mbuji-Mayi na Tshikapa watauliza: na almasi? Almasi njo kichwa kigumu kuliko yote. Karibu yote ni kaboni tupu. Ilitengenezwa chini sana, zaidi ya kilomita 150 ndani ya dunia, mahali ambapo hali inafanana chini ya inchi nyingi, kisha ikapandishwa na miamba ya volkano za zamani. Vitu vya kigeni ndani yake ni kidogo mno. Wataalamu wamejaribu miaka mingi, na mpaka leo hakuna mashine inayoweza kuchukua almasi moja iliyookotwa njiani na kusema kwa hakika inatoka inchi gani. Halafu mito mingi ya Kasai inatoka kusini, Angola. Jiwe linaweza kuzaliwa upande mumoja na kuokotwa upande mwingine. Hapo "linatoka wapi" yenyewe ni swali la kugombania.

Njo maana mupango wa Kimberley, ulioanza mwaka 2003 kuzuia almasi za vita, haukujengwa juu ya labo. Umejengwa juu ya makaratasi: kila inchi inaandika inachochimba na inachouza. Mwaka 2004 jirani yetu Congo-Brazzaville ilitolewa ndani ya mupango, juu almasi ilizokuwa inauza inje hazikuweza kuelezwa na zile inazochimba. Hakuna leza iliyofanya kazi pale. Ilikuwa hesabu ya kutoa na kujumlisha. Ilirudishwa mwaka 2007.

Kinyume cha almasi ni tanzaniti ya jirani zetu Tanzania: iligunduliwa mwaka 1967, na mpaka leo inachimbwa Merelani peke yake. Ukihakikisha ni tanzaniti, umekwisha kujua kwao. Serikali ya kule ilizungusha ukuta wa kilomita 24 mwaka 2018, juu walijua kwamba kuko mulango mumoja tu wa kulinda. Sisi hatuna jiwe la namna hiyo, tuna mashimo mengi yaliyotawanyika.

Kuko pia wanaosema tuache kusoma jiwe, tuliandike. Mwaka 2017 laboratware ya Gübelin ilitoa njia ya kutia ndani ya nyufa za zumaridi, pale pale machimboni, vipande vidogo sana vyenye alama ya ADN iliyotengenezwa, vinavyoweza kusomwa baadaye popote. Ni akili nzuri. Lakini inaomba mwenye shimo aliyeandikishwa, na mapatano na labo. Kwa mashimo ya watu kumi na koleo tatu, bado ni hadithi ya mbali.

Kitu cha karibu zaidi hakina gharama. Kawaida jiwe linapotoka likiwa bado limeshikana na mwamba wake, muchimbaji analigonga kidogo kidogo mpaka libaki safi, na mwamba unabaki chini pamoja na muchanga. Kwa mutu wa labo, kile kipande kilichotupwa njo chenye habari: udongo wake, vijiwe vilivyokaa jirani, dalili za maji ya moto yaliyopita. Kooperative inaweza kuweka mufuko mudogo kwa kila shimo: kipande cha mwamba, jiwe moja hafifu lisilo na bei, karatasi yenye jina la shimo, tarehe, na jina la aliyelitoa. Picha ya simu ikionyesha jiwe likiwa bado ukutani mwa shimo inaongeza nguvu. Mufuko ule ukae kavu, usichanganywe na wa shimo lingine. Siku mutaalamu atakapofika, ama siku mutu atakapobishana na karatasi ya Geneva, kutakuwa kitu cha kuweka mezani.